Naomba ushauri: Nimehamia Ifakara, huku tambarare tupu, hamu ya kukimbia inaniisha

Baridi ya Kibena
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtumishi, nimehamishiwa Ifakara kutoka Njombe. Kule nilikuwa natoka asubuhi na sweta, kilima hiki unapanda, kile unashuka, unashtukia saa nzima imekwisha. Huku ukishika njia ya kwenda Daraja la Magufuli, kulia majaruba ya mpunga, kushoto majaruba ya mpunga, na mti uliouona mbele tangu unaanza bado uko palepale. Kilomita ya nne tu nishachoka, na si miguu, ni kichwa. Nataka kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, na wanaoijua ile njia yake ya kupanda kuelekea Mweka wananielewa. Nifanyeje nisiache? Wale wa "nunua mashine ukimbilie sebuleni" mnisamehe, mshahara mnaujua.

Mla Wali
Karibu kwetu mkuu. Unatoka saa ngapi?

Baridi ya Kibena
Saa moja kasoro hivi.

Mla Wali
Ndiyo maana. Umetoka karibu mita 2,000 juu ya bahari, umekuja mahali hazifiki 300, halafu unakimbia jua limeshachomoza! Toka saa kumi na moja alfajiri, vaa kitu kinachong'aa, kaa upande wa kulia uyaone magari yanayokuja. Na wiki za mwanzo usiitazame saa yako. Joto lenye unyevu linapandisha mapigo ya moyo hata kwa mwendo uleule wa Njombe, kwa hiyo ukishindana na muda wako wa zamani utajiona umeisha bure.

Chuma Chakavu
Nunua baiskeli kama wenzio wote wa Ifakara. Tatizo limekwisha 😂

Mwalimu wa Michezo (mstaafu)
Kijana, kule Njombe kilima kilikuwa kinakufanyia kazi ya kocha. Kikipanda unakaza, kikishuka unapumua. Tambarare haikuamrishi chochote, ndiyo maana akili inalala. Mabadiliko inabidi uyatie mwenyewe.

Tumia nguzo za umeme. Pasha mwili kwanza dakika kumi na tano, kisha kimbia kwa kasi nguzo mbili, jog nguzo mbili, kasi tatu, jog mbili, panda hadi tano halafu urudi chini. Siku nyingine sahau kilomita, sema tu "nakimbia dakika hamsini", ishirini za mwisho ziwe kali kuliko za mwanzo. Na siku moja ya wiki acha lami kabisa, ingia njia za mashambani. Lami imebinuka katikati ili maji yatiririke, ukikimbia upande mmoja kila siku mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake, na nyonga itakudai. Juu ya hapo, tambarare inarudia misuli ileile hatua kwa hatua. Njia ya udongo yenye mashimo inakulazimisha kubadilisha hatua, na huko huna muda wa kuboreka, unatazama usianguke.

Baridi ya Kibena
Nguzo nimeipenda mwalimu. Lakini mlima wa Mweka nitaupandaje nikiwa nimezoea nguzo?

Dada wa Alfajiri
Kaka, kabla hujaidharau tambarare: Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni nzima kwa saa 1:59:40 mwaka 2019 kule Vienna, walichagua njia ya bustani ya Prater kwa sababu imenyooka na haina mlima. Alikuwa anaenda na kurudi kwenye barabara ileile! Ila hakuwa peke yake, kulikuwa na wakimbiaji 41 wakipokezana kumkinga upepo na kumshikia kasi. Hata Gabriel Geay, Mtanzania mwenzetu, saa 2:03:00 zake za marathoni alizipata Valencia, Hispania, mwaka 2022, mji tambarare kando ya bahari. Kinachokumaliza ni upweke. Tafuta mtu.

Mwalimu wa Michezo (mstaafu)
Kuhusu Mweka: watu wanaogopa kupanda, kumbe nusu ya pili unateremka kurudi Moshi, na hapo ndipo mapaja ya mtu wa bondeni yanapokatika. Tafuta ngazi au kizingiti imara. Panda kwa mguu mmoja, kisha shuka polepole sana, ukihesabu hadi nne. Rudia hadi paja litetemeke, mara mbili kwa wiki. Kupanda, pumzi utaijenga kwa zile nguzo.

Mtoto wa Ulanga
Na milima ipo jamani, msimtishe mgeni. Vuka daraja, panda gari la Mahenge, shuka pale barabara inapoanza kupanda, umalizie kwa miguu. Mara moja kwa mwezi inatosha. Lakini nenda kiangazi, mvua zikishika usiniulize.

Baridi ya Kibena
Nashukuru sana wakuu. Jirani ana kijana wa sekondari mwenye baiskeli, nimemwomba Jumamosi anifuate na maji, tupige soga njiani. Amekubali, ila kataka chai na vitumbua tukirudi.

Mla Wali
Ongeza na maharage, hicho ni kipato cha kocha.

Chuma Chakavu
Si nilisema baiskeli?