Darubini ya .375 inanigonga nyusi: niongeze urefu wa kitako?

Pofu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa vipimo.

Bunduki ni .375 H&H, ile nzito ya kuwindia wanyama wakubwa, ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), kitako (sehemu ya nyuma inayokaa begani) cha mbao, mpira wa nyuma unene wa sm 2.5. Kutoka triga hadi mwisho wa mpira ni sm 35.5. Urefu wangu sm 164, mkono wa kulia, nalenga nikiwa nimesimama, bunduki juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja kama egemeo. Darubini inanigonga juu ya nyusi, si kila risasi, kama moja kati ya nne. Kwa mita 50 risasi zinaangukia kushoto sm 6 au 7. Juu na chini hakuna shida. Wekundu unabaki kwenye nyama ya mkono, chini ya bega.

Nimeshauriwa kwamba darubini ikifika usoni ujue kitako ni kifupi, kwa hiyo niongeze spesa (kipande cha kurefusha kitako) ya sm 1. Lakini nikipima kwa kiwiko (kitako kwenye kunjo la mkono, kidole kwenye triga) kidole kinafika kwa taabu. Kiwiko kinasema ni kirefu, nyusi inasema ni kifupi. Nimsikilize nani?

Fundi_Mninga

Mkuu, usiongeze hata milimita. Umeshajijibu mwenyewe, ila hujajua.

Kitako kirefu nacho kinagonga nyusi vizuri tu. Kikiwa kirefu hakiingii kwenye shimo lililo chini ya mtulinga, kinatoka nje na kukaa kwenye msuli wa mkono. Ndiyo maana ya huo wekundu wako. Hapo kichwa kikikaa kawaida jicho linakuwa mbali na darubini, unaona duara dogo lenye kiza pande zote. Unafanya nini? Unarefusha shingo kama kobe mpaka picha ijae. Risasi ikitoka, mkono haushiki kama bega linavyoshika, kitako kinateleza, na bunduki ya kilo 4 inarudi kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde huku uso umeupeleka kuilaki.

Kushoto nako ni chanzo hicho hicho. Kidole kikifika kwa ncha tu, triga haivutwi kuja nyuma moja kwa moja, inasukumwa pembeni, na kwa mtu wa mkono wa kulia mtutu unakimbilia kushoto. Kingekuwa kifupi ungeona kinyume chake: kidole kinaingia hadi kwenye kiungo, risasi zinakwenda kulia, na kidole gumba kinakugonga pua.

Kipimo cha kiwiko ni cha dukani. Hakijui shingo yako, kifua chako wala koti ulilovaa. Fanya hivi:

Toa bolti, hakikisha chemba na magazini ni tupu. Vaa nguo zile zile za porini. Simama, fumba macho, pandisha bunduki begani, laza shavu mahali linapotaka kulala lenyewe, kisha mtu apime kutoka ncha ya pua hadi kifundo cha kidole gumba. Kwa .375 nataka sm 4 hadi 5. Chini ya 3 ni kifupi, ikizidi 6 ni kirefu. Rudia mara tano, maana mara ya kwanza kila mtu anajidanganya. Halafu fumbua macho bila kusogeza kichwa na utueleze unaona nini ndani ya darubini.

Bunduki nyingi za kiwandani hutoka na sm 34 hadi 35. Kwa mtu wa sm 164 mwenye mikono ya kawaida natarajia 33 hadi 33.5, lakini usikate kwa matarajio yangu.

Kongoni

Naunga mkono ya Fundi, ila tusimalize kesi kabla ya kuuliza amesimamaje. Msimamo mbovu unakifanya kitako cha sawasawa kionekane kirefu.

Ukisimama ubavu kabisa, bega la kushoto likielekea kwenye shabaha, bega la kulia linakimbia nyuma na kitako hakina pa kushika ila mkononi. Kwa bunduki nzito geuka, kifua kiangalie shabaha kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Mguu wa kushoto mbele, upana wa mabega, goti la mbele limekunjwa kidogo. Uzito uwe zaidi mguu wa mbele. Anayeegemea nyuma husukumwa hatua nzima, na darubini hupanda juu ikipitia usoni. Kiwiko cha kulia kisibanwe ubavuni wala kisipandishwe kama bawa. Kikiwa katikati, shimo la bega linafunguka lenyewe.

Fito sasa. Panda la fito liwe usawa wa kwapa. Likiwa chini utainama, shingo itatangulia, na tumerudi kule kule. Mbao ya mbele ndiyo inayokaa kwenye panda, kamwe si mtutu: mtutu ukiegemea kitu kigumu risasi inapanda. Mkono wa kushoto ushike panda na mbao kwa pamoja, kisha uvute kuja begani. Wengi huiacha bunduki ilale tu juu ya fito na mkono wa kushoto hauna kazi. Ukiwa na .375 utalipa.

Mwisho fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Alama ya ndani ya darubini ikiwa imehama kushoto au kulia ya shabaha, sogeza miguu. Usiivute bunduki kwa mikono, itarudi ilikotoka pale unapovuta triga.

Mlenga_22

Kwetu Kenya uwindaji ulifungwa tangu 1977, kwa hivyo nazungumzia .22 (bunduki ndogo ya shabaha) na bunduki ya upepo, siyo nyati. Sitaki msomaji mwingine achukue hayo ya nyuzi 45 akayapeleke kwenye mashindano. Kwa bunduki isiyorudi nyuma, ukisimama bila egemeo, ubavu ndio huelekea shabaha, miguu yote miwili inagawana uzito sawa, kiwiko cha kushoto kinaegemea mbavu au nyonga, na mgongo unapinda nyuma kidogo ili mifupa ibebe badala ya misuli. Hapo hakuna kinachokugonga, hata pua ikikaribia kidole gumba sio neno. Kipimo cha kiwiko nacho hakifai kutupwa, kwa .22 ya mtoto kinakupa pa kuanzia.

Jambo moja linalowahusu nyote: vikombe vya kuzuia kelele masikioni. Vile vinene vinagusa mbao na kulisukuma shavu nje, jicho linatoka kwenye mstari, na kwenye darubini unaona kiza kama mwezi mwandamo upande mmoja. Mtu anahangaika na kitako kumbe ni masikio. Tumia vizibo vya ndani wakati wa kupima.

Pofu

Nashukuru sana wakuu. Nimepima mara tano, macho yamefumbwa, bolti imetolewa, nikiwa na koti la porini. Pua hadi kidole gumba: 6.5, 6.5, 6, 7, 6.5. Nikifumbua macho naona duara dogo lenye kiza pande zote. Ili lijae nasogeza kichwa mbele kama sm 3. Nimegeuka nyuzi 45 kama alivyosema Kongoni, ikashuka hadi 6. Panda la fito lilikuwa usawa wa mbavu za chini, nimelipandisha.

Je, nisogeze tu darubini nyuma hizo sm 3 niachane na msumeno?

Fundi_Mninga

Hapana. Darubini ikisogea, kidole kitabaki ncha na kitako kitabaki mkononi. Kitako kwanza, darubini baadaye, kurekebisha shabaha mwisho. Ukipindua mpangilio huo utafanya kazi mara mbili.

Kabla ya kukata, jaribu bila kuharibu. Fungua skrubu mbili za mpira. Matundu yake yamejificha ndani ya mpira, kwa hiyo paka bisibisi sabuni isije ikauchana. Bila mpira una sm 33 kamili. Bandika kipande cha plaiwudi ya mm 5 kwa utepe wa karatasi, unapata 33.5. Pima tena mara tano. Hii ni ya kupimia tu: usithubutu kufyatua risasi bila mpira.

Kipimo kikikubali, kazi ya kukata mpe fundi wa silaha mwenye leseni, lakini msimamie. Mwisho wa kitako, kwenye mbao, zinaondoka sm 2 na mpira ule ule unarudi. Kama unataka mpira mnene zaidi, unene ulioongezeka nao ukatwe kwenye mbao. Hili husahaulika na mtu anatoka na kitako kile kile alichokuja nacho. Utepe uzungushwe pale pa kukata, mstari uchanjwe kwa kisu pande zote ili mbao isimenyeke, msumeno uwe wa meno madogo. Kata ukiacha mm 1 ya kumalizia kwa msasa namba 80 juu ya ubao bapa.

Mkato ufuate mteremko wa mwanzo, au umpe nafuu mwenye kifua kipana. Ncha ya chini ya kitako ikichomoza inachimba kifua, hasa kwa akina mama, na hapo bunduki hupanda usoni hata kama urefu ni sahihi. Mbao iliyokatwa ipakwe vanishi mara mbili kabla mpira haujarudi, la sivyo itakunywa unyevu wa masika na kuvimba.

Baada ya hapo legeza pete zinazoshika darubini, isogeze mpaka duara lijae ukiwa umefumbua macho tu, bila kunyoosha shingo. Kati ya jicho na kioo ziwe sm 9 au zaidi. Kama darubini yako inadai 7.5 ili picha ijae, hiyo si ya .375, iweke kwenye bunduki ndogo. Jaribu pia ukiwa umekaa na umelala, kwa sababu ukilala kichwa husogea mbele. Skrubu za pete zikazwe kwa zamu, karibu Nm 2, zaidi ya hapo unabana bomba la darubini.

Kongoni

Na kurekebisha shabaha usikae mezani umeinamia bunduki. Inua egemeo la mbele ukae wima, au simama kwenye fito. Risasi tatu, pumzika mtutu upoe, tatu nyingine, inatosha kwa siku. Mwenzako achanganye na risasi bandia zisizolipuka bila wewe kujua ipi imeingia: ikifika bandia na mtutu ukachezea kushoto, bado unaisukuma triga.

Pofu

Kwa plaiwudi ya mm 5: 4.5, 4, 4.5, 4.5, 4.5. Kidole kinakaa kwenye nyama ya pingili ya kwanza. Kuna tundu la pete ya mkanda sm 6 kutoka ncha ya chini ya kitako, litaathirika?

Fundi_Mninga

Ukitoa sm 2 linabaki sm 4 kutoka mkatoni. Skrubu ya chini ya mpira inaingia kama sm 3 ndani ya mbao, kwa hiyo pima zisikutane humo ndani. Zikikutana, tundu la mkanda lisogezwe mbele sm 2, na la zamani lizibwe kwa kijiti cha mbao ile ile na gundi.