Nani anapaswa kumkagua mkaguzi wa hesabu?

Mtahiniwa wa CPA (cheti cha uhasibu), Nairobi
Wakuu, habari za leo. Hapa Kenya ICPAK ni chombo cha wahasibu wenyewe, na ndicho kinachopitia ubora wa kazi za wakaguzi. Marekani iliunda bodi huru ya kusimamia wakaguzi, PCAOB, mwaka 2002, ingawa tayari kampuni za ukaguzi zilikuwa zikikaguana. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro gani hasa? Ni nani aijuaye kazi hii kuliko anayeifanya?

Mkaguzi mstaafu
Ndugu yangu, tazama Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoficha madeni yake. Mwaka 2000 iliilipa kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyingine, kisha ikafilisika Desemba 2001. Mwezi uliofuata Deloitte, kampuni nyingine ya ukaguzi, waliokuwa wamepitia ubora wa kazi za Andersen, wakatoa ripoti kwamba mfumo wake ni mzuri. Sisemi walidanganya, ila washindani wanaokaguana kwa zamu huoneana haya.

Ndiyo maana sheria ya Sarbanes-Oxley, iliyounda PCAOB, iliipa bodi hiyo wajumbe 5, wenye CPA wakiwa 2 tu, na gharama zake nyingi hulipwa na kampuni zilizo kwenye soko la hisa kwa tozo ya lazima. Wanaofungua mafaili ni wakaguzi wazoefu walioajiriwa na bodi yenyewe, hivyo ujuzi unaouulizia haukupotea.

Msaidizi wa zamani, Mwanza
Namuunga mkono mzee. Katika kampuni ndogo niliyoanzia kazi, alikuja mpitiaji kutoka kampuni jirani, akakuta faili halina barua ya benki ya kuthibitisha salio, kwa kuwa tuliridhika na nakala aliyotuletea mteja. Alitushauri kwa upole tuitafute, kisha akaandika kwamba kazi imekamilika. Barua ile haikutafutwa, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Hata hivyo, uhuru peke yake hautoshi. Uingereza ilikuwa na FRC, chombo huru cha kusimamia wakaguzi, wakati kampuni ya ujenzi ya Carillion ilipoanguka Januari 2018, baada ya kampuni ya ukaguzi ya KPMG kukagua hesabu zake kwa miaka 19. Faini ya KPMG, pauni milioni 21, ilitangazwa Oktoba 2023, wakati mafundi na wakandarasi wadogo waliokuwa wakiidai Carillion walikwisha kuumia zamani. Katika jibu lako la mtihani, usiache kuuliza bodi inachukua muda gani kutoa uamuzi.