Tupeane uzoefu: mipira na magurudumu kwenye vichochoro vya Lamu

Kibarazani
Asalaam aleikum wanajamvi. Mtaani kwetu Mkomani wazee wamepitisha: mpira, baiskeli na viatu vya magurudumu visionekane tena njiani. Mtoto akikutwa navyo, vinakaa kwa mzee wa mtaa hadi mzazi wake avifuate. Nimeunga mkono, na sababu ninayo.

Mwaka jana mama yangu alikuwa akirudi kutoka hitimani. Njia yenyewe mwaijua, ukinyoosha mikono wagusa kuta zote mbili. Mbele yake punda yuaja, shogi, yale makapu ya mgongoni, limejaa mchanga. Vijana wanapiga mpira chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia. Ukampata punda usoni, akaruka, shogi likambana mama ukutani. Nyonga ikavunjika, na mkono wote ukachunika kwa yale mawe ya matumbawe. Miezi 4 kitandani. Hadi leo mwisho wake ni daka, ukumbi wa mlangoni. Mmoja wa wale watoto ni mpwa wangu, na alilia kuliko mama mwenyewe.

Nawaomba wenzangu mseme yaliyowapata, na mtaa wenu ulichukua hatua gani.

Mama Viazi
Pole sana kwa mama. Mimi nakaanga viazi vya karai barazani. Mpira uliruka ukutani ukatua ndani ya mafuta. Binti yangu alikuwa amekaa karibu akimenya, akaungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Sikuwa hata na nguvu ya kuuliza nani kapiga. Nikahamishia jiko ndani, moshi ukamsumbua mkwe wangu mwenye pumu, nikarudi nje. Nauza roho ikiwa juu kila jioni. Marufuku naitaka, tena leo.

Winga wa Langoni
Poleni nyote, lakini niruhusuni nitofautiane. Vichochoro hivi ndivyo vilivyonifundisha mpira. Kiwanjani wakubwa wanaanza alasiri, mtoto wa miaka 8 hapati hata kona. Ufukwe wa Shela uko kilomita kama 3, na maji yakijaa hakuna pa kuchezea. Sasa aende wapi?

Sisi tulicheza mpira wa matambara: soksi kuukuu, vitambaa, kamba ya mnazi. Ukiupiga ukutani unaanguka papo hapo. Haurukii karai, haumshtui punda. Huu wa kujaza upepo, ukutani unarudi kama jiwe la kombeo. Kizuieni hicho kinachoruka, mchezo muuache. Baiskeli na magurudumu sina la kuyatetea, kichochoro chenye wazee na mtaro wazi hakiyawezi.

Mghaibu
Nimeishi Uingereza miaka 9. Sheria yao ya barabara ya 1835 ilitaja mpira wa miguu wazi kabisa, faini isizidi shilingi 40 za wakati huo. Na watoto waliendelea kuucheza mitaani vizazi na vizazi.

Bi Mwalimu, Malindi
Kwetu ni tuktuk. Mtoto alifuata mpira barabarani, dereva akamkwepa, tuktuk ikalala ubavu na abiria watatu ndani. Mtoto hakuguswa, dereva alivunjika mkono. Tulikwenda kwa maalim kumwomba ua wa madrasa baada ya alasiri, siku 4 kwa wiki, na mzazi mmoja kwa zamu. Zamu ndiyo kazi, wazazi wanaahidi halafu hawaji. Mimi hukaa mara mbili kwa wiki. Tangu hapo njia yetu haina mpira.

Kibarazani
Nimemsomea mama yote haya. Kaguna aliposikia habari ya matambara, akaniambia nifungue kasha nitoe leso zake kuukuu. Ijumaa nitarudi kwa wazee kuomba wabadilishe neno moja, liwe mpira wa upepo. Ua bado hatuna. Winga, kuufunga huo mpira wa matambara mimi sijui. Waweza kupita kwetu Alhamisi baada ya alasiri? Mpwa wangu atakuwepo.

Winga wa Langoni
Nitakuja inshallah. Kamba naleta mimi.