Naombeni ushauri: naenda kusoma Meksiko, nimemchagua La Malinche, darasa zima linanishangaa

BintiChumbageni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kimasomo, hasa kwa mliosoma mambo ya jinsia au mliowahi kuishi Amerika ya Kilatini.

Niko shahada ya kwanza Texas. Kiangazi hiki chuo kinatupeleka Mexico City wiki sita, kozi ya ufeministi wa wanawake wa Kilatini. Profesa wetu hataki tuanze na nadharia. Tunaanza na wanawake ambao kule kila mtu anawajua toka utotoni: La Malinche, Bikira wa Guadalupe, La Llorona (yule mama wa ngano anayelia usiku kando ya maji akiwatafuta wanawe aliowazamisha mwenyewe), mtawa Sor Juana Inés de la Cruz, Adelita wa vita vya mapinduzi, na Frida Kahlo. Kila mtu achague mmoja, amfuatilie hukohuko makumbusho, makanisani na kuta za mitaani, halafu aandike kurasa 20.

Wenzangu karibu wote wamekimbilia Frida. Mimi nimeangukia kwa Malinche. Kwa asiyemjua: alikuwa binti aliyeuzwa utumwani. Mwaka 1519 huko Tabasco, baada ya wenyeji kushindwa vitani, Wahispania walipewa wanawake 20, naye akiwemo. Alijua Kinahuatl na Kimaya. Hernán Cortés, kiongozi wa hao Wahispania, alikuwa na mwenzake mmoja, Jerónimo de Aguilar, aliyejifunza Kimaya akiwa mateka Yucatán. Kwa hiyo Cortés anasema Kihispania, Aguilar anakigeuza Kimaya, binti anakigeuza Kinahuatl, ndipo wajumbe wa Moctezuma, mfalme wa Waazteki, wanaelewa. Haikuchukua muda binti akakijua Kihispania na Aguilar akabaki hana kazi. Alimzalia Cortés mtoto wa kiume, Martín. Leo jina lake ni tusi: Mmeksiko anayetukuza vya wageni anaitwa malinchista.

Sasa shida. Huyu mama hakuacha hata mstari mmoja alioandika yeye. Kihispania changu ni cha kuombea maji. Na mjomba anayenisaidia ada kauliza, "Hiyo nayo itakupa kazi gani?" Mama naye kasikia neno Bikira, anadhani napelekwa kuhiji kwa Wakristo.

Nimng'ang'anie Malinche au nihamie kwa Frida nipone?

MzeeWaHoja

Wiki sita za kuzurura mnaziita kozi. Mjomba wako ana akili.

Shangazi_Kurasini

Mzee, kaa pembeni kidogo.

Binti, usihame. Frida (1907–1954) ni mchoraji mkubwa na sina ugomvi naye, ila utaandika yaleyale: ajali ya basi ya 1925, mumewe Diego, nyusi, maua kichwani. Labda uandike jinsi mkomunisti alivyogeuzwa kikombe cha kahawa, hapo ningekusoma.

Kuhusu Malinche, hilo la kukosa maandishi lisikutishe. Wewe huandiki alichowaza, maana hakuna ajuaye. Unaandika nani alimsema, lini, na alikuwa anatafuta nini. Bernal Díaz del Castillo, askari wa Cortés, anamsifu na kumwita Doña Marina. Watu wa Tlaxcala, waliopigana upande wa Wahispania, walimchora kwenye turubai lao la karne ya 16 akiwa amesimama katikati ya wakubwa, anazungumza. Kwao hakuwa msaliti hata kidogo. Na jiulize, alimsaliti nani? Hakuwa Mwazteki. Alizaliwa pwani, upande wa Coatzacoalcos, na hao Waazteki, watawala wa bara, ndio waliokuwa wakitoza watu ushuru na kuchukua mateka. Taifa la Meksiko halikuwepo mpaka 1821. Baada ya uhuru ndipo wakaanza kumtafuta wa kubebeshwa lawama, na lawama ikamfaa mtumwa wa kike kuliko maelfu ya wanaume waliobeba silaha upande wa Cortés. Mwandishi wa Meksiko Octavio Paz mwaka 1950 alimfanya mama aliyenajisiwa ambaye wanawe hawamsamehi.

Sasa njoo kwa hao wa kozi yako. Miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa na harakati zao California, Texas na kwingineko: mashamba, shule, haki za ardhi. Wanawake wa ndani ya harakati walipouliza kwa nini wao wanapika na kupiga taipu tu huku wanaume wakishika maikrofoni, waliitwa vendidas, yaani wamejiuza kwa wazungu. Waliitwa Malinche. Ndiyo sababu wakamrudia yule mama: Adelaida Del Castillo, Norma Alarcón, na Gloria Anzaldúa, mtoto wa kusini mwa Texas hapohapo ulipo. Hawakumtetea kwa huruma, walikuwa wanajitetea wao. Soma hao kabla hujapanda ndege. Kurasa zako 20 ziko hapo.

KijanaWaKariakoo

Mbona una mfano nyumbani? Bi Titi Mohamed. Alizunguka nchi nzima kuwaingiza wanawake TANU, akaja kukamatwa 1969 kwa uhaini, akafungwa maisha, akatoka 1972. Leo ana barabara Dar. Mlinganishe na huyo mama umalize.

Shangazi_Kurasini

Wazo si baya, ila asiligeuze insha nzima. Bi Titi alikuwa kiongozi mwenye wafuasi, na alihojiwa uzeeni akasimulia mwenyewe. Malinche alikuwa mali ya watu. Ukiwaweka sawasawa utamwonea mmoja wao. Aya moja inatosha, na iwe ya kuuliza kwa nini uhaini wa mwanamke unakumbukwa kwa namna yake.

MamaWawili_Moshi

Samahani kuingilia, mimi ni Mkatoliki. Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi, Guadalupe utamkuta tu hata usipomtafuta: kwenye teksi, duka la nyama, mgongo wa mtu. Waumini wanasema alimtokea Juan Diego, mwenyeji wa pale, mwezi Desemba 1531 kwenye kilima cha Tepeyac. Padri Hidalgo aliibeba picha yake alipoanzisha vita vya uhuru 1810, na wafanyakazi wa mashambani California waliibeba kwenye maandamano yao ya 1966.

Kuna michoro ya Yolanda López, msanii Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, ya 1978. Wa kwanza amejichora yeye mwenyewe ndani ya ile miale ya Bikira, kavaa raba za kukimbilia, kashika nyoka mkononi, anamruka malaika. Nilipouona kwa mara ya kwanza nilikasirika, sifichi. Lakini iko mitatu. Wa pili ni mama yake, kaketi kwenye cherehani akilishona lile joho la nyota. Wa tatu ni bibi yake mzaa mama, kikongwe, katulia kwenye kiti. Huo wa cherehani ulininyamazisha. Mama yangu alitusomesha kwa cherehani.

Kwa hiyo binti, usidhani kila anayemgusa Bikira anamkejeli. Na wewe ukiwa basilika, jifunike kidogo, usipige picha watu wanaotembea kwa magoti.

NyuniWaKisumu

Nawasalimu kutoka Kenya. Hiyo orodha ya profesa ina kasoro moja: wote ama ni wa zamani ama ni picha. Kwani hakuna mwanamke aliyesimama juzi juzi akasema? Mkutano wa kwanza wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Mexico City mwaka 1975. Wa tatu ukaja kwetu Nairobi 1985, na ule wa Beijing 1995 katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Hapo 1975 alikuja Domitila Barrios de Chungara, mke wa mchimba madini wa bati kutoka Bolivia, akawaambia wanawake wenye nafasi zao kwamba maisha yao na yake hayafanani, kwa hiyo wasimsemee kwa jina la wanawake wote. Hiyo hoja ndiyo Wachicana, wale wanawake wa Marekani wenye asili ya Meksiko aliowataja Shangazi, nao waliwatolea wanawake wa kizungu wa Marekani. Ifanye daraja.

Na zile siku 16 za kupinga ukatili tunazofanya kila mwaka, zinaanza 25 Novemba kwa sababu ya akina dada Mirabal wa Jamhuri ya Dominika waliouawa siku hiyo mwaka 1960 chini ya dikteta Trujillo. Wanaharakati wa Amerika ya Kilatini waliichagua tarehe hiyo walipokutana Bogotá 1981. Tunaandamana na mabango hata hatujui ya nani.

Mbongo_Puebla

Nipo Meksiko mwaka wa nne. Niongee ya mguuni.

Malinche anza naye Colegio de San Ildefonso, katikati ya jiji. Mchoraji Orozco alimchora 1926 ukutani na Cortés, wote uchi, kuna mwili wa mtu chini ya miguu yao. Simama pale usikilize wanachosema wanafunzi wa shule wakiletwa na walimu wao, hiyo ni data. Coyoacán kuna sanamu ya Cortés, Malinche na mtoto wao, iliyozua kelele mpaka ikahamishiwa bustani ndogo ambako wengi hawaioni. Ukiwa hukohuko ndiyo Casa Azul, nyumba ya Frida iliyo makumbusho, tiketi nunua mtandaoni mapema, ukifika mlangoni mikono mitupu utarudi.

Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia usiikose. Kuna Coatlicue, mama wa miungu, jiwe kubwa lenye sketi ya nyoka. Walilifukua 1790 uwanja mkuu wa jiji, watu wakaanza kuliendea na maua na mishumaa, wakubwa wakalizika tena. Anzaldúa anamwandika sana.

Lugha: nenda El Colegio de México, wana kituo cha masomo ya Asia na Afrika na Kiswahili kinafundishwa. Tafuta mwanafunzi mbadilishane, saa moja yako, saa moja yake. Rangi yako itaangaliwa, wengine watakuuliza kama wewe ni Mkuba. Waambie Meksiko nayo ina watu weusi wake, Costa Chica, pwani ya majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Katiba iliwatambua 2019 na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5. Metro, tumia mabehewa ya mbele, ni ya wanawake na watoto.

MzeeWaHoja

Haya, mimi nimekaa pembeni lakini naona. La mjomba mjibu hivi: Kihispania ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili. Anayezijua zote mbili kwa kiwango cha kukalimani ni wachache mno. Hapo atatuliza moyo.

BintiChumbageni

Mzee kageuka! Ahsanteni sana, shikamoo Shangazi.

Nimeamua. Nabaki na Malinche, na insha itaanzia Texas, kwa wale waliotukanwa kwa jina lake, ndipo irudi nyuma mpaka 1519. Domitila nitamtafutia nafasi. Mama Moshi, picha ya cherehani nimeitafuta, nimeielewa.

Mbongo_Puebla, swali la mwisho. Profesa ametaja mzunguko wa barabara ambapo wanawake waliweka sanamu yao badala ya Columbus. Panafaa kwenda peke yangu?

Mbongo_Puebla

Panafaa, pako Paseo de la Reforma. Sanamu ya Columbus serikali iliiondoa 2020, Septemba 2021 wanawake wakapandisha ya kwao, msichana wa zambarau kanyoosha ngumi, wakapaita Mzunguko wa Wanawake Wanaopambana. Pamezungukwa na majina: waliouawa, waliopotea, na mama wanaowatafuta. Sanamu piga picha utakavyo. Ukikuta mama zao wamekuja na karatasi zao, omba kwanza. Nenda Jumapili asubuhi, Reforma magari huzuiwa ili watu waendeshe baiskeli, kwa hiyo pana watu na pametulia. Jumatatu ibaki ya kuandika, makumbusho mengi hufungwa.