Injinia wa simu kanila 82,500. Mafundi wa Nakuru, mteja asiyelilia bei mwogopeni

Nina hasira, mnivumilie nikiandika ovyo. Na kabla mtu hajaniletea "tamaa mbele, mauti nyuma", ajue methali hiyo nimeshaambiwa na shemeji, na polisi, na hata kinyozi.

Mimi ni fundi wa mageti na grili, karakana yangu iko Pipeline. Nambari yangu ya simu naipaka kwa rangi nyeupe pembeni mwa kila geti ninalotengeneza, kuanzia Free Area hadi Kiamunyi. Tangazo langu ni hilo tu. Jumanne ya wiki mbili zilizopita simu ikaita mashine ikinguruma. Sauti ya mtu mzima, ametulia. "Fundi, mimi ni injinia wa mradi wa shule. Nimepita mahali nikaona geti lako, kazi safi." Akanitumia picha kwa WhatsApp. Geti ni langu kweli, lile la maua ya chuma nililofunga Lanet mwaka jana. Niambieni, nani hapo angeshuku?

Alitaka mageti 6 na grili za madirisha 40. Nikapiga hesabu usiku huo, nikaongeza kidogo nikijua atapunguza. Hakupunguza. "Sawa fundi, tuendelee." Hapo ndipo nilipopaswa kukata simu. Miaka 14 nachomelea vyuma mjini humu, sijawahi kuona mteja asiyelilia bei. Hata pasta hulia. Mteja wa kweli atakuambia fundi wa Njoro amemtajia nusu, atataka ya usafiri uitoe, atataka umwongezee kufuli bure. Na lazima atakuita upime. Huyu hakuniita kupima hata dirisha moja. Vipimo vyote vilikuja kwa karatasi yenye mhuri mkubwa wa buluu, nami nikauheshimu ule mhuri kama mtoto wa shule.

Siku ya pili akaja na sharti. Wafadhili wanataka vyuma vipakwe rangi maalumu ya kuzuia kutu, ya Ujerumani, na wakala ni mmoja tu, Nairobi. Akanipa nambari. Nilipopiga akapokea mama mpole, akaniuliza ni mradi gani, akasema mikebe imebaki michache. Mkebe 6,500. Injinia akasema ofisi yake itanilipa 11,000 kwa kila mmoja, kwa kuwa wao hawaruhusiwi kununua kwa wakala moja kwa moja. Nikanunua mmoja wa kuonyesha. Ukaja kwa bodaboda, injinia akataka picha ya nambari iliyoandikwa chini yake, akaridhika. Halafu, sikilizeni hii, akanitumia 2,000 kwenye M-PESA "za usumbufu". Pesa halisi, salio nikaliona. Hiyo 2,000 ndiyo iliyonimaliza. Matapeli wote niliowahi kuwasikia huomba, na huyu ananipa!

Kesho yake akataka mikebe 12 kabla ya Ijumaa. Hiyo ni 78,000. Nilikuwa na 30,000, nyingine nikakopa kwenye chama cha mama watoto. Nikatuma. Mama mpole akasema gari limeondoka Nairobi. Saa kumi akasema liko Gilgil. Saa kumi na mbili simu yake imezimwa, ya injinia pia. Kijana wangu wa kazi akafungua ule mkebe wa kwanza, akachovya kijiti, akanitazama bila kusema neno. Ni ile rangi nyekundu ya kutangulizia kwenye chuma tunayonunua hadiwea kila wiki, imebandikwa karatasi ya Kijerumani.

Ujumbe wa M-PESA nikautuma 456 nikiomba pesa zirudishwe. Zilikuwa zimeshatolewa zamani. Njia ile humsaidia aliyekosea nambari, na mimi nambari nilipatia, mtu ndiye niliyemkosea. Nambari zote mbili nimezituma 333, kule Safaricom hupokea ripoti za matapeli. Polisi wakanipa nambari ya OB, kile kitabu chao cha kuandikia ripoti, na nasaha kuhusu tamaa.

Tamaa gani? Fundi akipigiwa simu ya kazi asipokee? Nani kati yenu angekataa mageti 6?

Nimeufikiria mpango wao usiku na mchana, na hasira yangu ni jinsi ulivyo rahisi. Mnunuzi na muuzaji wanakula sahani moja. Mnunuzi haombi chochote, kwa hivyo humwogopi. Muuzaji umempigia wewe mwenyewe, kwa hivyo humshuku. Rangi ni kisingizio tu: jirani yangu anayefuga kuku alitajiwa dawa ya mifugo, na fundi mmoja wa mabomba wa Section 58 alitajiwa valvu. Kitu chenyewe huwa hukijui bei yake, kinauzwa na mtu mmoja, na nambari ya huyo mtu umepewa na yule yule anayekupa kazi. Ukifika hapo, usiulize swali la pili. Kata.

Matapeli wengine ni wadogo wadogo. Yupo wa kukuandikisha kwenye ramani ya Google kwa 3,000, kitu ambacho binti yangu alinifanyia kwa simu yake bila kulipa ndururu. Yupo wa cheti cha AGPO, kile cha kuombea tenda za serikali, anayeanza na ukweli kwamba asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kisha anakudai ada ya cheti ambacho hutolewa bure. Yupo wa ushuru. Huyo hupiga karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya kulipa ushuru wa mauzo wa mwezi uliopita, anakutisha na eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, ili umtumie pesa kwenye simu yake. Hao nawatukana na kuendelea na kazi. Hawajapita Lanet kupiga picha ya geti langu.

Chama kinakutana Jumapili na sijui nitawaangaliaje wale akina mama. Aliye na OB ya kisa kama hiki, awe Nakuru, Kisumu au Eldoret, aniandikie faraghani twende kwa wapelelezi tukiwa kundi, huenda wakaacha kunihubiria. Mkebe ninao, sijaugusa tena. Kama nawe umeuziwa, tafadhali usiipake hiyo rangi kwanza. Geuza mkebe uniandikie nambari iliyo chini, tuone kama ni ile ile.