Kufundisha mwandiko wa kuunganisha herufi kwa kuchora

Mzazi, Donholm:
Walimu na wazazi wenzangu, binti yangu wa Gredi ya Tatu anapenda kuchora, lakini akiambiwa aunganishe herufi, anaibana penseli hadi karatasi inatoboka. Je, sanaa yaweza kumsaidia, au ni kumpotezea muda?

Mwalimu, Kayole:
Yaweza sana, mzazi mwenzangu. Marion Richardson, mwalimu wa sanaa wa Uingereza, alieneza njia hiyo mwaka 1935: mtoto huchora kwanza mapambo ya mistari inayojirudia, na herufi huzaliwa humo. Mpe krayoni ya nta nyeupe achore mawimbi na vitanzi bila kuinua mkono, kisha apake juu yake rangi ya maji iliyozimuliwa. Kwa kuwa nta hukataa maji, mistari hujitokeza, naye hutaka kurudia bila kusukumwa. Mawimbi yampeleke kwenye c, a, d na g, ambazo huanza kwa mviringo uleule. Vitanzi vimfikishe kwenye l, e na h.

Mzazi, Kasarani:
Nakubali, ila mapambo pekee hayatoshi (wangu alijaza daftari zima la mawimbi na jina lake bado halisomeki). Baada ya kuchora, aandike neno moja.

Mzazi, Donholm:
Ahsanteni. Na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto?

Mwalimu, Kayole:
Inamisha karatasi, ncha yake ya juu ielekee kulia, na mkono ukae chini ya mstari.