Nyumba yangu, ardhi ya mwingine: serikali inunue mashamba ya Kisauni, Mombasa?

Mjukuu wa Kisauni:
Babu alijenga huku wakati watu wakivuka Nyali kwa lile daraja la kuelea la 1931. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele. Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Kila mwezi twalipa kodi ya kiwanja kwa mtu nisiyemjua hata kwa picha. Hupokea wakala wake. Daraja la sasa lilipofunguliwa 1980, watu wakamiminika kutoka kisiwani, bei ya ardhi ikapaa, na mwenyewe hakutia hata tofali moja. Mimi nasema serikali inunue, waliojenga wapewe hati. Benki haikopeshi mtu kwa baraza.

Mvita Halisi:
Inunue kwa nani? Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani ajitokeze na ushahidi wake. Aliyeijua njia ya ofisini akaandikisha. Asiyeijua, shamba la baba yake likahesabiwa la Serikali. Kisha 1963, Maili Kumi, yaani huo ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ilipokuwa ikiingizwa Kenya, viongozi wa Kenya na Zanzibar wakaandikiana kwamba hati zilizosajiliwa zitatambuliwa. Sasa kodi zetu zikamlipe mtu kwa shamba ambalo huenda lilitoka mikononi mwetu? Hati zikaguliwe kwanza.

Mama Kongowea:
Wanangu, si kila mwenye ardhi yuko ng'ambo akila halua. Sisi tumerithi kiwanja, ndugu tisa. Kodi tukishaigawa hainunui hata kilo ya samaki changu. Na waliojenga walikuja kwa babangu kuomba, wakakubaliana mbele ya wazee. Leo mnataka kugeuza maneno kwa kuwa walioafikiana wamekufa?

Wa Kengeleni:
Mnaanzia 1908 kana kwamba huku kulikuwa kichaka. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, kwa watu waliotolewa utumwani. Kengele yao iliwaonya wakija wakamataji, ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina. Watu wale walipewa pa kukaa, na kukaa si kumiliki. Kwa hiyo hilo la "nyumba bila ardhi" lina mizizi mirefu kuliko wakala wa mtu. Ndugu Mvita, ukianza kukagua hati utakagua mpaka za makanisa, jiandae.

Mvita Halisi:
Na zikaguliwe. Nani kasema kanisa lisiguswe?

Mjukuu wa Kisauni:
Mama, shikamoo. Hilo la ndugu tisa sikulifikiria, na maafikiano ya wazee siyavunji. Babu alilipa mpaka siku yake ya mwisho. Ila nyumba ya makuti yajengwa upya kila mara, na kila tukiomba ruhusa ya kuweka mawe twanyimwa. Nikuulize: serikali ikija kununua, wewe utataka bei ya kiwanja kitupu babako alichowapa waliojenga, au ya kiwanja chenye mtaa juu yake?

Mama Kongowea:
Marahaba. Chenye mtaa, mwanangu. Kwani mie mjinga?

Wa Kengeleni:
Basi hapo ndipo tuanzie. Mtaa kaujenga nani?